Udokozi wa Paka na Jiko Lisilo na Susu

Jioni moja ya mwezi wa Rajabu, katika uchochoro mmoja wa Tandika ambamo jirani yangu hukaanga samaki kuanzia alasiri mpaka isha, paka dume wa rangi ya majivu, aliyelelewa nyumbani humo tangu hajafumbua macho, aliruka juu ya benchi, akamtwaa changu aliyekuwa juu ya ungo akichuja mafuta, akatoweka naye nyuma ya kibanda cha fundi seremala kabla mwenye mali hajamaliza kuhesabu chenji ya mteja. Kesi yake ilisikilizwa papo hapo barazani, mshitakiwa akiwa hayupo, nami niliyekuwako naweza kusema ya kuwa sijapata kuona mahakama iliyofikia hukumu kwa haraka na kwa umoja namna ile. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini alisema kuwa huyo ni mwizi wa kuzaliwa, na mwizi wa kuzaliwa hana dawa ila fimbo. Kijana wa bodaboda akasema fimbo haitoshi, avushwe maji, kwani paka aliyevuka bahari hajui njia ya kurudi. Na mama mwenye samaki, ambaye kwa kawaida ana huruma hata kwa wadeni wake, akayaafiki yote mawili kwa mpango wake, kwanza fimbo, kisha maji.

Hukumu ilitekelezwa barabara. Usiku ule paka aliporejea, aliitwa kwa sauti ile ile ya upole anayoitiwa chakula, naye akaja mkia juu, akijisugua miguuni mwa bibie. Akashikwa ukosi, akapigwa kwa mpini wa ufagio. Alfajiri, bibie alipokwenda Feri kununua samaki wa siku hiyo, alimchukua ndani ya kiroba cha unga, akamkabidhi kijana aliyekuwa akipanda pantoni, na pantoni likamvusha Kigamboni. Baraza likatulia. Siku ya kumi na moja akazuka paka mwingine, jike mwenye madoa meusi na meupe, ambaye hakuna ajuaye alikotoka. Na siku ya kumi na mbili akachukua kibua, kutoka ungo ule ule, juu ya benchi lile lile, saa ile ile ya kuhesabu chenji.

Mwizi amebadilika na wizi haukubadilika: hapo mwenye akili hutazama kilichobaki mahali pake, na kilichobaki mahali pake ni ungo usiofunikwa, juu ya benchi ambalo kimo chake ni mruko mmoja wa paka mvivu. Rai iliyoenea kwetu, kuanzia Mbagala na Mtoni mpaka Mwananyamala na Tandale, ni kwamba paka mwenye tabia mbaya ama apigwe ama atupwe. Mimi nashika kinyume chake. Nasema ya kuwa hayo tuyaitayo maovu ya paka, yaani udokozi, mkojo pasipo pake, kuparura makochi na kupiga kelele usiku wa manane, aghalabu ni maovu ya nyumba yaliyojidhihirisha kwa kiungo chake dhaifu. Na ya kuwa fimbo, hata ikitumiwa na mtu mwadilifu kwa nia safi, humfundisha paka somo ambalo mpigaji hakulikusudia.

Sitaki kuwadhulumu wanaoishika rai ile, kwa kuwa wengi wao ni watu wenye insafu, na hoja yao ina nasaba tukufu. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wanasema mcha mwana kulia hulia yeye. Wametoka katika malezi ya chuoni na ya shuleni ambamo kiboko kilikuwa mwalimu msaidizi, nao wanajitazama na kujiona wamenyooka, basi wanauliza, ikiwa fimbo ilimfaa mwanadamu, seuze mnyama? Lakini methali ile ilitungwa juu ya samaki, ikasarifiwa kwa mtoto, na hakuna aliyeitunga kwa paka. Mtoto, hata ukimpiga jioni kwa kosa la asubuhi, unaweza kumwambia, “Hii ni kwa ajili ya kile kikombe,” naye akaziunganisha saa mbili hizo kwa daraja la maneno. Paka hana daraja hilo. Kwake yeye jambo hufungamana na lile linalolifuata papo hapo, katika muda wa kupepesa jicho, na yaliyo mbali zaidi ya hapo ni habari nyingine kabisa.

Basi tuihesabu ile adhabu ya Tandika kwa hesabu ya paka mwenyewe. Saa kumi na mbili jioni aliruka, na mruko ule ukafuatwa na changu wa moto, mwenye mafuta na chumvi: hilo ni somo la kwanza, nalo lilifundishwa vizuri kuliko masomo mengi ya shule zetu. Saa tatu usiku aliitwa, akaja kwa imani, na kuja kule kukafuatwa na mpini wa ufagio: hilo ni somo la pili. Kwa hiyo bibie, bila ya kujua, alimlipa paka kwa kuiba na akamwadhibu kwa kuitika. Na lau angalimpata pale pale juu ya benchi, akamchapa na samaki akiwa bado kinywani? Hapo paka angalijifunza kuwa samaki ana hatari wakati bibie anatazama, wala asingejifunza neno lolote kuhusu wakati ambao bibie hatazami. Matokeo ya elimu hiyo tunayaona kila uchochoro: paka ambao mbele za watu ni masufii, wamefumba macho kana kwamba wamo katika uradi, na kisogo kikigeuka wao wameshafika mezani.

Haya si maneno ya mtu mwenye moyo laini anayetetea kipenzi chake. Mwaka 1898 kijana wa Kimarekani aitwaye Edward Thorndike, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, aliwatia paka wenye njaa, mmoja mmoja, katika masanduku ya mbao ambayo mlango wake hufunguka kwa kuvuta kitanzi cha uzi au kukanyaga kibao. Akaweka chakula nje, akakaa na kupima muda. Paka hawakuketi kutafakari. Walihangaika, wakauma, wakaparura kila ufa, mpaka kwa bahati mmoja akakigusa kitanzi akatoka. Na kila aliporudishwa ndani muda ulizidi kupungua, hata ikawa akitiwa tu hukiendea kitanzi kama mtu aendeaye kitasa cha mlango wake. Thorndike akatoa kanuni, kwamba tendo linalofuatwa na raha hurudi na linalofuatwa na karaha hupotea. Wapenda fimbo wangeikumbatia nusu ya pili ya kanuni hiyo, walakini mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya majaribio mengine ambayo safari hii yalikuwa zaidi juu ya wanadamu, aliilegeza: akakiri kwamba malipo mema hulitia tendo nguvu, ilhali adhabu haina uwezo wa kulifuta kwa kadiri hiyo hiyo.

Na kama Marekani ni mbali, Morogoro si mbali. Pale katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, taasisi ya APOPO hufundisha panya buku, jamaa wa hao hao wanaotutoboea magunia na kutufukulia misingi ya nyumba, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Chombo chao cha kufundishia ni kidude kidogo chenye mlio kama wa kidoko na kipande cha ndizi: panya akifanya sawa, kidoko hulia na ndizi huja, akikosea, haji mtu na bakora. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, aligundua huko Kambodia mabomu na baruti nyingine zaidi ya 100, akatunukiwa mwaka 2020 nishani ya dhahabu na jumuiya ya Kiingereza ya PDSA, akafa kwa uzee Januari 2022. Tumeweza kumfundisha panya adabu ya kuokoa roho za watu kwa ndizi, kisha tunakaa barazani Temeke tunasema ya kuwa paka hafundishiki ila kwa ufagio!

Nisije nikaonekana nawaandama wakazi wa uswahilini peke yao, naongeza kuwa kule Mbezi Beach na Masaki, ambako paka huwa na manyoya marefu na kitanda chake mwenyewe, fimbo imefukuzwa ikarudi kwa mlango wa nyuma katika sura ya kichupa cha kunyunyizia maji. Paka akipanda mezani hunyunyiziwa usoni, na mwenye nyumba hujiona mstaarabu. Hiyo nayo ni fimbo, ila imeyeyuka. Na somo lake ni lile lile, kwamba meza ni haramu maadamu mwenye kichupa yumo chumbani.

Wazee wa mwambao walikuwa na njia yao, na sijui ni wapi tulipoiacha. Katika jiko la bibi yangu mzaa mama, lililokuwa kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, kulikuwa na susu likining'inia kutoka kwenye boriti: wavu wa kamba za usumba uliosukwa kwa mkono, wenye tumbo pana chini na shingo nyembamba juu, ambao ndani yake hukaa chungu cha samaki wa jana, kifuu cha chumvi juu yake, na pengine mayai mawili. Upepo ukivuma susu liliyumba kidogo na kamba ikalia kama mlango wa mashua. Chini yake alikaa paka. Hakupigwa, hakufukuzwa, wala hakutazamwa kwa tuhuma. Alikaa akiangalia juu kwa muda, kisha akajua ya kuwa jambo lile halimhusu, akaenda zake kuvizia panya kwenye mafiga. Na kile kilichopakuliwa kwa ajili ya kuliwa kilifunikwa kwa kawa, lile la ukili lililoshonwa duara duara mpaka kileleni, zito la kutosha kukataa pua ya paka na jepesi la kutosha kupitisha mvuke. Bibi hakuwa na falsafa yoyote juu ya tabia za wanyama. Alikuwa na susu, na paka wake alikuwa mwaminifu, kama watu wengi walivyo waaminifu pale ambapo kasha limefungwa.

Ninaposikia methali isemayo paka wa nyumba haingwa, nalikumbuka jiko lile, kwani methali hiyo haiwezi kutungwa na watu wanaoacha samaki juu ya benchi. Asiyefukuzwa ni yule ambaye nyumba imekwisha kumtengea mipaka yake. Leo katika nyumba zetu za kupanga, vyumba sita koridoni na majiko sita ya mkaa barazani, boriti imezibwa na dari ya jipsamu, kawa limegeuzwa pambo la ukutani, na kitoweo hulala ndani ya sufuria ambayo mfuniko wake ulipotea tangu Idi iliyopita. Kisha tunashangaa ya kuwa paka, ambaye hakubadilika hata unywele mmoja tangu enzi ya bibi zetu, amekuwa mwizi. Sisi ndio tuliobadilika, na badiliko letu tumelisajili kwa jina lake.

Tena tunamlisha nini? Mtu atakwambia, kwa fahari, kuwa paka wake hula ugali na mchuzi kama watu wote wa nyumbani. Paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya: wahenga walilisema hilo kwa dhihaka, na elimu ya leo imeligeuza kuwa hakika. Mwaka 2005 wataalamu walionyesha ya kuwa paka hana kabisa uwezo wa kuonja utamu wa sukari, kwa kuwa kirithi kimojawapo cha kazi hiyo kimeharibika katika ukoo wake. Na ilikwisha kujulikana kabla ya hapo kwamba mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki wala haimo katika nafaka, na kwamba akiikosa muda mrefu huharibika macho na moyo. Paka wa ugali basi ni mwenye njaa aliye na tumbo lililojaa. Wako pia wanaomnyima makusudi ili awinde, na hao wamekosea mara mbili, maana hamu ya kuwinda haitokani na njaa peke yake. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, tena kwa nguvu na subira, na yule mwenye njaa hachagui kati ya panya wa shimoni, ambaye ni kazi ngumu, na kibua wa benchi, ambaye ni rahisi. Matamvua, matumbo na vichwa vya dagaa, ambavyo bibie wa Tandika huvimwaga jalalani kila jioni, vingemtosha mfanyakazi huyo.

Nakuja kwenye mkojo, ambao ndio unaowatoa watu katika utu wao kuliko samaki. Hapa rai iliyoenea ina ibada yake maalumu: paka hushikwa, pua yake ikasuguliwa juu ya uchafu, kisha akatupwa nje, kana kwamba harufu ile ni ngeni kwake na inampasa kuionea haya. Nilikuwa Mwananyamala, nyumbani kwa jamaa yangu, nilipoona ibada hiyo ikifanywa kwa dume mmoja mnene aliyekuwa akichuchumaa juu ya zulia, akitoa tone, akiinuka, akichuchumaa tena mahali pengine, na tone likiwa na wekundu kidogo. Alisuguliwa pua asubuhi, akasuguliwa adhuhuri, akapigwa kofi jioni. Alikuwa akilia, nasi tulimwona mkaidi. Siku ya tatu alikutwa amekufa chini ya kabati. Baadaye nilielezwa na daktari wa mifugo ya kuwa paka dume huzibwa njia ya mkojo na chembe kama za mchanga, na akikaa hivyo siku mbili tatu bila ya tiba huwa ni mwisho wake. Mimi nilikuwako na sikusema neno, na hii ndiyo sababu moja ya kuandika makala haya.

Hapo Temeke maabara ya serikali ya mifugo imekaa miaka na miaka, hata eneo zima likaitwa Veterinari, na makondakta wa daladala hulitaja jina hilo mara mia kwa siku. Lakini mwambie mtu ampeleke paka kwa daktari, atacheka mpaka ashike mbavu. Ng'ombe ana daktari. Paka ana ufagio.

Asiyekuwa mgonjwa naye ana sababu zake. Dume ambaye hakuhasiwa husimama, akautetemesha mkia na kurusha mkojo ukutani au penye pazia, nako huko ni kuandika jina lake kwenye mpaka. Ukimpiga, unamzidishia wasiwasi, na mwenye wasiwasi huandika zaidi. Dawa yake ni kuhasiwa, ambako huwatuliza wengi wao, na huwapunguzia majirani zile kelele za usiku juu ya mabati ambazo Manzese na Buza huitwa uchawi, ilhali ni jike anayetaka mume na madume watatu wanaogombana juu ya posa. Najua ya kuwa wako wanavyuoni wanaochukia kumhasi mnyama, na wako walioruhusu penye manufaa na pasipo na dhara. Kila mtu na amwulize sheikh wake, ila asilifanye jambo hilo kuwa kisingizio cha mpini. Ama kinyesi, paka ana asili ya nchi kame, na hulka yake ni kufukia katika mchanga mlaini. Sisi tumesakafia ua wote kwa saruji, tukambakishia rundo la mchanga la jirani anayejenga, halafu ugomvi wa nyumba mbili ukaanza. Beseni pana lenye mchanga, likiwekwa pembeni mbali na chakula na kusafishwa kila siku, na mama mjamzito asilishike yeye, hulimaliza jambo hilo kwa juma moja. Makochi sitayaongelea sana: paka huparura ili avue ganda kuukuu la kucha na kunyoosha mgongo, na gogo lililozungushwa kamba ya usumba, likisimamishwa karibu na kochi lenyewe, litampendeza kuliko kitambaa cha fundi yeyote wa Keko.

Imebaki ile hukumu ya kuvusha maji. Aliyemtupa paka hujiambia kuwa hakumwua, amemwachia riziki yake kwa Mungu. Nami namkumbusha simulizi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na namkumbusha habari ya sahaba Abu Qatada, aliyekiinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, akamweleza mkwewe aliyestaajabu kwamba Mtume alimhesabu paka kuwa miongoni mwa wale wanaotuzungukia majumbani mwetu. Asiyejali hayo ajue ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, ingawa sijapata kuona mtu wa Tandika akiulizwa kwayo. Na asiyejali dini wala sheria awaulize majirani zangu habari za zile siku kumi kati ya paka wa kwanza na wa pili, ambapo panya waliingia ndani ya gunia la mchele la duka la pembeni, wakala na sabuni.

Yule jike wa madoa hakuvushwa. Baada ya kibua wa tatu nilimwendea bibie, nikamwomba ruhusa ya kujaribu kwa juma moja, akasema, “Mwalimu, jaribu, lakini samaki atakayepotea utalipa wewe.” Tulinunua kawa pana katika soko la Tandika, tukalifunika juu ya ungo, na ungo tukauhamishia upande wa mkono wake wa kulia. Tairi bovu lililokuwa ukutani tukaliweka hatua nne mbali, na kila samaki alipotiwa kwenye karai, mafuta yakalia, bibie alirusha tamvua moja juu ya tairi. Basi. Mlio wa mafuta ukawa ndio kidoko chake. Siku ya kwanza paka alilizunguka kawa mara mbili, akalinusa, akaliacha. Siku ya tano alikuwa akikimbilia kwenye tairi mara tu karai lipandapo jikoni.

Mzee wa bandarini hakuridhika, wala hajaridhika mpaka leo. Juzi baada ya magharibi alipita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akimtazama paka kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mmemharibu huyu, Mwalimu. Sasa anangoja kupewa kama mdai.” Bibie alikuwa akihesabu chenji, amempa ungo kisogo, kawa likiwa limesogea kidogo upande mmoja na mkia wa changu ukionekana. Paka alikuwa juu ya tairi, macho kwenye mkono wa bibie.